Mtanziko Kabla ya Riwaya: Mwongozo kwa Walimu wa Kiswahili wa Mpakani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wanaofundisha riwaya ya Kiswahili katika shule za sekondari za Tororo na Busia, kuanzia vijiji kama Kiyeyi hadi miji ya Malaba na Busia, upande wa Uganda na upande wa Kenya. Unahusu vipindi viwili au vitatu vinavyotangulia ukurasa wa kwanza. Katika vipindi hivyo wanafunzi hupewa jambo gumu la kimaadili, hubishana juu yake na kuandika walichoamua, kisha ndipo wafungue kitabu.

Kwa nini kabla ya kusoma

Mwanafunzi anayefungua riwaya akiwa hana swali lake mwenyewe huisoma kama orodha. Anatafuta maudhui, sifa za wahusika na tamathali za usemi kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa vitaulizwa. Mara nyingi amekwisha kununua kijitabu kinachompa majibu kabla hajakutana na mhusika hata mmoja. Atakuambia kuwa Mtemi Nasaba Bora katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ni katili na fisadi, na ni kweli. Lakini hajajiuliza yeye angefanya nini kama angekuwa Amani, kijana mwenye kibarua cha kuchunga mifugo kwa Mtemi huyo, anayeyaona maovu huku chakula chake kikitoka katika nyumba hiyohiyo.

Mjadala unaotangulia kusoma humweka mwanafunzi mahali pa mhusika kabla hajamjua. Akifika kwenye sura yenyewe anakuta jambo ambalo alikwisha kulitolea kauli mbele ya wenzake, na anataka kujua mwandishi amelipeleka wapi. Huyo hahitaji kusukumwa asome.

Faida ya mtihani ipo pia, ingawa isiwe ndiyo sababu ya kwanza. Katika mtihani wa KCSE wa Kenya, karatasi ya tatu ya Kiswahili ndiyo ya fasihi, na maswali yake ya riwaya hupenda kusema “jadili” au “thibitisha”. Kuthibitisha ni kuleta hoja na ushahidi wake, jambo ambalo mwanafunzi hawezi kulijifunza wiki moja kabla ya mtihani. Upande wa Uganda, mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikifanya Kiswahili somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na unamtaka mwanafunzi aonyeshe anachoweza kukifanya kwa maarifa aliyonayo. Kupima hoja za pande mbili ni kazi ya namna hiyo.

Mdahalo wa kawaida hautoshi

Shule zetu zinaujua mdahalo. Kuna mwenyekiti, mtunza muda, watetezi na wapinzani, na mada kama ile ya elimu kuwa bora kuliko pesa. Mdahalo huo humpa mtoto ujasiri wa kusimama na kusema, na uendelee kuwa na siku yake. Kwa kazi ya kuitangulia riwaya, hata hivyo, una kasoro kubwa. Mwanafunzi hupangiwa upande asiouchagua, hushangiliwa kwa ukali wa maneno, na akibadili mawazo katikati huonekana ameusaliti upande wake. Riwaya nzuri humtaka msomaji aweze kumhurumia mtu na kumlaumu kwa wakati mmoja, na mdahalo wa alama haumfundishi hilo. Kwa hiyo katika vipindi hivi kusiwe na mshindi wala alama. Mwanafunzi akishawishika, aruhusiwe kuvuka upande mbele ya watu wote bila kuchekwa.

Kuchagua jambo la kubishania

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Jambo likichaguliwa vibaya, hakuna ustadi wa kuongoza darasa utakaoliokoa.

Mtanziko ni hali ambayo kila njia ina hasara ya kweli. Ukiuliza “Je, magendo ni mabaya?” darasa zima litajibu ndiyo, kwa sauti moja, kisha litasubiri swali lingine. Hujafanya mjadala, umesikiliza majibu ya somo la uraia. Uliza badala yake kuhusu mtu mmoja, mahali pamoja, mwenye muda mfupi wa kuamua, na swali liwe juu ya tendo: afanye nini sasa? Kabla ya kuingia darasani, mwalimu ajaribu kuutetea kila upande kwa dhati. Akishindwa kuutetea mmoja wao, huo si mtanziko, na atafute mwingine.

Vitabu vingi vya ualimu hupendekeza mifano mashuhuri ya ng’ambo, kama ule uliotokana na makala ya Philippa Foot ya mwaka 1967, wa gari la reli linaloelekea kuua watu watano isipokuwa lielekezwe kwa mmoja. Reli inapita Malaba na Tororo, watoto wanaijua, lakini katika mfano ule watu sita hawana majina, hawana mama, hawadaiwi wala hawadai. Mtoto hujibu kwa kuhesabu tu. Riwaya haina watu wa namna hiyo.

Tuna hazina iliyo karibu zaidi. Afrika nzima ina ngano zinazokwisha kwa swali, msimulizi akawaachia wasikilizaji wabishane hadi usiku. Mwanaanthropolojia William Bascom alizikusanya nyingi katika kitabu chake cha mwaka 1975. Ipo ya mtu aliyepinduka na mtumbwi akiwa na mama yake na mkewe, naye anaweza kumwokoa mmoja tu. Ipo ya ndugu watatu waliomponya mtu, mmoja kwa kuona mbali, wa pili kwa chombo cha kusafiria, wa tatu kwa dawa, na haijulikani nani astahili kushukuriwa kwanza. Waombe wanafunzi wazilete kutoka kwa wazee wao, wawe Wapadhola, Wateso, Wasamia au Wabukusu. Kipindi cha kwanza kitumike kwa ngano moja ya namna hiyo. Ni joto la kutosha, wala hakuna atakayeumia.

Kisa cha sukari

Kipindi cha pili kiingie katika maisha ya hapa. Kisa kifuatacho kimebuniwa, na mwalimu anaweza kukibadili apendavyo.

Mvulana wa kidato cha pili anaishi na nyanya yake karibu na mpaka. Muhula umeanza na karo haijalipwa. Amekwisha kurudishwa nyumbani. Mjomba wake huvusha sukari usiku kwa baiskeli kupitia njia ya panya. Anamwambia: “Mpwa wangu, njoo unisaidie usiku wa leo tu. Nitakulipia muhula mzima.” Nyanya hajui lolote. Jirani yao ni askari wa forodha, naye ndiye aliyembeba nyanya hadi hospitali alipougua usiku wa manane. Jua linazama. Mvulana afanye nini, na amwambie nini nyanya yake?

Tazama kilichomo. Mjomba si mtu mwovu; anataka mtoto asome. Askari si adui. Ni mtu aliyewatendea wema. Nyanya anaweza kukataa, na pia anaweza kunyamaza, na ukimya wake ukawa mzigo mwingine. Ukimwondoa askari kwenye kisa, mjadala utapoa haraka, kwa kuwa mvulana atabaki na sheria isiyo na uso. Ndiyo maana mwalimu asikifupishe kisa hiki kwa kudhani anaokoa muda.

Darasa likielekea upande mmoja, badili kitu kimoja tu. Uliza: kama mzigo ungekuwa dawa za hospitali zilizokosekana kijijini, je? Waache waseme. Kisha rudisha sukari, uulize: kama askari huyohuyo angejulikana kuwa huchukua rushwa kwa wafanyabiashara wakubwa, je? Ukibadili mawili kwa pamoja hutajua kipi kilichowayumbisha, wala wao hawatajua.

Mwalimu ajiandae kwa hoja moja ambayo lazima itatokea, kwamba mpaka wenyewe ni wa juzi. Hoja hiyo ina uzito na asiifukuze. Mwaka 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na mstari uliopatikana ukawaacha Wasamia na Wateso wakiwa pande zote mbili. Katika miaka ya 1970, uchumi wa Uganda ulipoporomoka, kuvusha kahawa na bidhaa za nyumbani ndiko kulikozilisha familia nyingi. Mwanafunzi anayesema “babu alivuka tu kwenda kwa dada yake” anasema kweli. Aulizwe nini kinafuata: je, historia hiyo inampa mvulana ruhusa ya usiku wa leo, au inaeleza tu kwa nini mjomba haoni aibu? Darasa likiweza kutofautisha kueleza na kuhalalisha, limepata nyenzo ya kusomea riwaya yoyote.

Kisa hiki kinafaa sana kabla ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, iliyotoka mwaka 2014. Humo yumo Dick, kijana anayeingizwa katika biashara ya dawa za kulevya akiwa hana pa kukimbilia. Usimtaje Dick darasani bado. Atakapotokea, wanafunzi wenyewe wataona kuwa mvulana wa sukari alikuwa na usiku mmoja wa kuchagua na Dick hakuachiwa hata huo, nao watauliza lawama inagawanywaje pale hiari inapopungua.

Riwaya nyingine zitafutiwe visa vyake. Kwa Kidagaa Kimemwozea, ambamo Mwalimu Majisifu anajipatia sifa kwa mswada aliouandika Amani, buni kisa cha wanafunzi wawili marafiki: mmoja ameshinda zawadi kwa insha ya mwenzake, na zawadi hiyo imelipia matibabu ya mdogo wake. Mwenye insha anayo nakala ya kwanza yenye mwandiko wake. Aionyeshe? Kwa Siku Njema ya mwaka 1996, ambamo Kongowea anatoka Tanga na kuvuka mpaka wa Kenya kumtafuta baba asiyemjua, mtanziko uko tayari: mtoto ana wajibu gani kwa mzazi ambaye hakumlea? Swali hili lishikwe kwa mikono miwili, kwa sababu nitakazozieleza.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi inahitaji neno la peke yake. Ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa kutumika shuleni Tanzania kwa muda, kwa jinsi ilivyosema waziwazi juu ya miili na mapenzi, na baadaye ikawa kitabu cha kufundishiwa. Ukiichagua, zungumza na mkuu wa shule mapema. Mjadala wa kuitangulia usiwe juu ya mwenendo wa wasichana, kwani wavulana wataugeuza kesi na wasichana watanyamaza. Uwe juu ya baba: mzazi anayemlinda binti kwa kiboko na hofu anamlinda kweli? Zakaria, baba yake Rosa, atawasubiri humo ndani.

Namna ya kuendesha kipindi

Dakika 40 ni chache, na madarasa ya kwetu ni makubwa. Utaratibu huu umepangwa kwa kuzingatia hayo.

Soma kisa kwa sauti mara mbili. Usikifafanue. Kisha kila mwanafunzi aandike peke yake, kimya, sentensi tatu: mvulana afanye nini, kwa sababu gani, na atapoteza nini akifanya hivyo. Sentensi ya tatu ndiyo yenye kazi kubwa, kwani humzuia mtu kudhani uamuzi wake hauna gharama. Mwalimu asiruhusu mtu yeyote kusema kabla ya kuandika. Darasani kuna wawili watatu ambao wakisema kwanza, wengine wote watawafuata.

Baada ya hapo toka nje kama hali ya hewa inaruhusu. Chora mstari ardhini. Upande mmoja wasimame wanaosema aende, upande wa pili wanaosema asiende, na asiyejua asimame juu ya mstari. Waliosimama juu ya mstari wasidharauliwe. Mara nyingi ndio waliosikia kisa vizuri. Waanze kuongea wawili wawili na aliye upande wa pili, kila mmoja akipewa dakika mbili bila kukatizwa. Kabla ya kujibu, msikilizaji arudie hoja ya mwenzake mpaka mwenye hoja akubali kuwa ndivyo alivyosema. Sharti hili linachosha mwanzoni na wanafunzi watalilalamikia. Lishikilie. Bila hilo utapata kelele tu.

Dakika kumi za mwisho zitumike kurudi kwenye karatasi. Mwanafunzi aongeze sentensi mbili: hoja nzuri kuliko zote aliyoisikia kutoka upande usio wake, na kama imembadilisha au la. Kusanya karatasi zote, uzifunge, uzihifadhi ofisini. Usizisahihishe.

Lugha ya kubishania

Watoto wa Kiyeyi huongea Dhopadhola nyumbani. Majirani zao huongea Ateso, Lusamia, Lunyole, Luganda. Kiswahili wanakisikia sokoni na kwa madereva wa malori, nacho ni Kiswahili cha biashara, chepesi cha ngeli na chenye haraka. Upande wa Uganda kuna pia kumbukumbu ya wazee kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya amri na bunduki. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa nyumba nyingi kiliingia kupitia kinywa cha askari. Mtoto aliyekulia katika kumbukumbu hiyo anaweza kuwa na mawazo mazuri sana na asiyatoe.

Kwa sababu hiyo, mazungumzo ya wawili wawili yaruhusiwe kufanyika kwa lugha yoyote ambayo wote wawili wanaielewa. Hoja ikishapatikana, iletwe kwa Kiswahili mbele ya darasa. Ubaoni ziwepo sentensi chache za kuanzia, kama vile: “Nakubaliana nawe hapo, ila…”, “Tuseme angekubali, kisha…”, “Wewe umemtazama mjomba, mimi namtazama nyanya”, “Sijashawishika, kwa sababu…” Mwanafunzi akisema “baiskeli yake imebeba sukari mingi”, acha apite. Makosa ya ngeli yaandikwe kando na yafundishwe siku nyingine bila kumtaja mtu. Anayesahihishwa sarufi katikati ya hoja hunyamaza, na hoja yake hupotea pamoja naye.

Usalama wa mtoto na wa nyumba yake

Sehemu hii isirukwe. Katika darasa lolote la mpakani yumo mtoto ambaye baba yake huvusha mizigo, na yumo ambaye mama yake ni mfanyakazi wa forodha au polisi. Yumo aliyelelewa na shangazi kwa kuwa baba alivuka akaenda asirudi. Mjadala ukiuliza “Kwenu hufanya nini?” mtoto atatoa siri ya nyumba mbele ya watu 70, na jioni habari itakuwa imefika sokoni.

Kanuni ni kwamba tunamzungumzia mvulana wa kisa tu. Mwalimu aitangaze mwanzo na aitetee katikati. Mwanafunzi akianza kusema “Hata kwetu…” akatizwe kwa upole: “Tubaki na huyu mvulana.” Majina ya watu halisi, ya askari, ya wafanyabiashara au ya jirani, yasitajwe. Zile karatasi zilizofungwa ofisini zisisomwe na mwalimu mwingine wala kupewa mzazi. Ikiwa mtoto ameandika jambo linaloonyesha yuko hatarini, mwalimu amwite faraghani na afuate utaratibu wa shule wa kumlinda mtoto, jambo ambalo halihusiani tena na riwaya.

Kwa kisa cha mzazi aliyeondoka, kama kile cha kuitangulia Siku Njema, ni vyema mjadala wa wazi uachwe kabisa na kazi ifanyike kwa maandishi tu. Kuna vidonda ambavyo darasa la watoto haliwezi kuvishika.

Kuingia kitabuni

Usomaji uanze kesho yake, wakati jambo bado li moto. Mwalimu asiseme “Sasa tutaona jibu.” Riwaya haitoi jibu la kisa cha sukari, inaonyesha mtu mmoja na yaliyompata. Mtoto anaposoma akidhani mwandishi ameficha jibu sahihi mahali fulani, anarudi kuwa mtafuta orodha.

Darasa likifika kwenye sura yenye jambo linalofanana, rudisha zile karatasi. Kila mmoja asome alichoandika kabla, kisha aandike aya moja: mwandishi ameongeza nini ambacho mimi sikukiona? Hapo ndipo mbinu za uandishi zinapoingia kwa njia ya kawaida, kwa kuwa kinachoongezwa huwa ni kumbukumbu ya mhusika iliyoletwa kwa mbinu rejeshi, au barua, au mazungumzo ya watu wasiojua kuwa wanasikilizwa. Mwanafunzi anagundua kuwa mbinu hizo zilimfanya amwonee mtu huruma ambayo kwenye mstari hakuwa nayo. Hiyo ndiyo maana ya kuzifundisha.

Katika kutia alama, msimamo wa mwanafunzi usiwe na alama hata moja. Anayesema mvulana aende na anayesema asiende wote wanaweza kupata alama zote au kukosa zote. Pima kama hoja ina sababu, kama imekubali gharama yake, na kama imeutaja upande wa pili kwa haki. Asiyebadili mawazo tangu siku ya kwanza hana kosa, mradi aonyeshe kuwa aliyajaribu.

Mwisho, wanafunzi watauliza: “Mwalimu, wewe je?” Usijibu wakati wa mjadala wala katikati ya kitabu, kwani mwalimu akisema, mstari wote huhamia aliko. Waambie utajibu mtakapomaliza ukurasa wa mwisho, na siku hiyo ikifika ujibu kwa ukweli, ukieleza sababu zako na unachoona umekipoteza kwa kuchagua hivyo. Kisha keti, uwaachie zamu ya kukuhoji.